Skrubu ya Cherehani Ndani ya Bastola ya Babu

Skrubu yenyewe haizidi punje ya muhindi. Ina masikio mawili ya kushikia kwa vidole, na kazi yake ni moja tu: kuukaza mguu wa cherehani usiruke sindano inapopanda na kushuka. Alhamisi ile nilirudi kutoka misheni kumpima mtoto uzito, nikaketi, nikafunua cherehani, nikakuta mguu umelala juu ya kitambaa kama wa kuku aliyechinjwa. Skrubu hakuna.

Nilitafuta chini ya mkeka. Nikamwaga kopo la vifungo. Nikamfungua mtoto mdomo nikachungulia hadi kooni, maana alikuwa na miezi minane na kila kilichoanguka chini alikihesabu chakula. Ndipo nikaona pembeni ya kitambaa alama ya kidole chenye mafuta. Kidole kile nakifahamu. Nimeolewa nacho.

Kitambaa kilikuwa cheupe, cha komunio ya kwanza, na hakikuwa changu. Mimi nimesoma mpaka darasa la kumi. Wasichana wa upande wetu wa Mahenge tuliofika huko tungeweza kukaa wote kwenye mkeka mmoja na nafasi ikabaki. Nikafundisha miaka miwili, nikaolewa huku Ifakara, nikapata tumbo, nikaambiwa asante sana, mama mwenye mtoto si mwalimu. Basi. Nikarudi kupepeta mpunga kama sijui hata kusoma kalenda. Kisha mwalimu wa ushonaji pale shule ya wasichana akarudishwa kwao Ulaya kwa homa, na Sista Mkuu, aliyekuwa amemaliza wasichana wote wasio na watoto bila kupata anayejua kushona, akaniita mimi. Akanipa kitambaa cha magauni matatu kama mtihani.

"Mshono wa cherehani, si wa mkono," alisema. "Jumamosi, kabla ya kengele ya jioni. Nikiridhika, nitasahau kwamba una mtoto."

Hadi Jumatano magauni mawili yalikuwa tayari. La tatu lilikuwa limekatwa tu, limelala mezani vipande vipande.

Mume wangu alikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alirudi saa sita mchana, pumba za mpunga kwenye nyusi, anapiga mluzi. Nilimsubiri mlangoni.

"Skrubu yangu iko wapi?"

"Skrubu ipi?"

"Usiniulize ipi. Nyumba hii ina skrubu ngapi?"

"Aa, ile. Nimeiazima."

"Umeiazima kwa nani? Mimi sikuwepo."

"Nimemwazimia babu."

"Babu amekufa."

"Ndiyo maana," akasema, kama vile mimi ndiye nisiyeelewa.

Babu aliyesemwa ni babu yake mume wangu, mzee aliyefariki mwaka mmoja kabla. Aliacha shamba, kigoda, koti moja refu, na bastola. Bastola ilikuwa ya zamani za misafara ya pembe, ile ya kushindiliwa baruti mdomoni na kuwashwa kwa cheche ya jiwe la gumegume. Mwenyewe alisimulia kwamba alimnyang'anya mfanyabiashara mmoja pale kivukoni baada ya kupigana mieleka naye asubuhi nzima. Kwa masimulizi ya shangazi yangu, aliiokota kwenye tope alipokuwa akichimbua kambale. Vyovyote ilivyokuwa, ilikuwa mbovu kabla baba mkwe wangu hajaota meno. Kamani yake, springi ya kurusha mtambo, ilikuwa imevunjika, jiwe halikuwepo, taya la kubana jiwe lilikuwa linaning'inia. Hata Bwana Shauri, mzungu wa serikali, aliwahi kuonyeshwa, akacheka, akasema hicho ni chuma chakavu, kaeni nacho.

Lakini mzee alipokuwa anakata roho alisema neno moja la mwisho: siku ya kuanua tanga lake, bastola ilie. Wote waliokuwa pale wakasema ndiyo babu, ndiyo babu, kama anavyojibiwa mtu anayekufa. Tatizo ni kwamba baba mkwe alisema ndiyo na akamaanisha. Na tanga lilikuwa lianuliwe Jumamosi hiyo hiyo, mchana.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwa fundi baiskeli, karibu na soko.

"Karibu mama," akasema, na hapo hapo akavuta gunia akafunika kitu mezani.

"Nionyeshe hiyo bastola."

"Bastola? Mimi natengeneza baiskeli. Hii ni pampu."

"Pampu gani ina kitako?"

Alitazama kushoto, akatazama kulia, akafunua. Sitaki kusema uongo: alikuwa ameifanyia kazi nzuri. Mtutu ulikuwa umepigwa msasa mpaka unang'aa. Kamani mpya aliikata kwenye bapa la msumeno, akaipasha moto hadi ikawa nyekundu, akaikunja mara moja kama kibanio, akaichovya kwenye mafuta ya nyonyo isije ikawa laini wala isikatike. Alinionyesha kila kitu kwa raha kama baba anayeonyesha mtoto wake wa kwanza, akasahau kabisa kwamba ni pampu.

"Huu ndio mdeki wa kushindilia baruti," akasema. "Mume wako aliniletea ubavu wa mwavuli."

"Mwavuli upi?"

Akashika kitambaa akaanza kupangusa kitako. Nikakumbuka mwavuli wangu uliokuwa umeinama upande mmoja tangu wiki iliyopita, nami nikaulaumu upepo.

"Na jiwe?"

"Jiwe alilifuata Sanje kwa baiskeli, kwenye kijito kinachoshuka mlimani. Zuri sana. Ila jiwe halikai chuma kwa chuma, linataka kuvishwa ngozi ndipo libanwe." Akagusa kipande cheusi kilicholivaa jiwe. "Ngozi laini, ya kiatu."

Niliinama nikakitazama. Kilikuwa ulimi wa kiatu changu cha shule. Viatu vile nilikuwa nimevifungia kwenye sanduku tangu siku niliyotoka bweni, nimevipaka dawa, nimevijaza magazeti visipinde. Sikuwa navivaa. Nilikuwa navitunza tu. Niliweka mkono juu ya meza nisije nikamrushia fundi kitu.

"Na hii hapa," fundi akaendelea, sauti imepungua, "ndiyo skrubu. Taya hili na taya hili ni kama mdomo wa kuku, unashika jiwe. Skrubu inakaza mdomo. Ya zamani ilikatikia ndani, nikaitoboa nikaitoa. Nikajaribu za baiskeli, nene. Nikajaribu za taa, nyembamba. Ya cherehani ikakubali! Nikachonga njia mpya kwenye chuma kwa kipimo chake. Sasa hapa haiingii nyingine yoyote."

"Itoe."

"Siwezi, mama. Baba mkwe wako anakuja kuichukua saa hizi. Amesema ikishatengenezwa haiguswi tena mpaka ilie."

Nilikwenda dukani kwa Mhindi. Akasema skrubu kama ile huagizwa Morogoro, wiki mbili kama barabara imekauka, na barabara ilikuwa bado uji. Nikarudi nyumbani nikaufunga mguu wa cherehani kwa uzi wa katani. Nilishona inchi tatu. Mguu ukaponyoka, sindano ikaugonga, ikakatika, kipande kikaruka kikanipita sikioni. Nilikuwa na sindano mbili. Ikabaki moja.

Sasa ilibaki kusema na baba mkwe, na hapo ndipo penye kazi. Kwetu huwezi kumsimamia baba mkwe ukamwambia nataka hiki. Humtazami usoni, humpi kitu mkono kwa mkono, wala humwiti. Salamu tu ndiyo inaruhusiwa; ukiwa na neno, unamwambia mtoto, naye mkwe husikia. Mtoto wangu alikuwa hajajua hata kusema mama, lakini kwa siku mbili zile alifanya kazi kuliko mkalimani wa mahakama.

Jioni baba mkwe alikaa barazani, bastola mapajani, anaipaka mafuta. Nilipiga goti mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamgeuzia mtoto uso. "Mwanangu, muulize babu yako, je, anajua kwamba mama yako ana magauni ya Sista ya kumaliza?"

Baba mkwe akamtazama mtoto kwa upole mkubwa. "Mjukuu wangu, mwambie mama yako nimesikia."

"Mwambie babu, bila ile skrubu cherehani ni meza tu."

"Mwambie mama, bila ile skrubu mzee wangu analala vibaya kaburini."

"Mwambie babu, basi ikishalia Jumamosi, airudishe hapo hapo."

Baba mkwe alipuliza vumbi kwenye mtambo. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningemwelewa.

"Mwambie mama, kitu kikishaingia kwenye mali ya marehemu hakitoki. Sasa ni kiungo chake. Wewe mjukuu wangu ukikua utairithi yote, pamoja na skrubu ya mama yako. Unaona bahati hiyo?"

Mtoto akacheka, akatoa mate. Msaliti.

Ijumaa mchana shangazi yangu akavuka kivuko akitokea Mahenge pamoja na wanawake watano na mzee mmoja. Hao walikuwa watani. Ukoo wetu na ukoo wa mume wangu ni watani tangu zamani ambazo hakuna anayekumbuka chanzo chake, na tanga halianuliwi bila watani. Wao ndio hufanya kejeli, huiga mwendo wa marehemu, hukamata kuku na masufuria ya wafiwa, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika tanga limeharibika. Kitu kilichokamatwa hukombolewa kwa jogoo, watu wakala, wakacheka, msiba ukaisha.

Shangazi aliingia uani kwa baba mkwe anapiga kelele kabla hata hajasalimia. "Nyie watu wa bondeni! Mwaka mzima mzee amekaa chini ya ardhi na bado mnanuka kambale! Maji mtoni yote yale mnayaogopa?"

Baba mkwe, mtu asiyecheka kwa urahisi, alifunika mdomo kwa kofia. Kwa mtani hakuna la kufanya.

Usiku huo sikusema kitu, nilikuwa nimechoka. Asubuhi, tunachagua mchele, nikamwaga yote: skrubu, mwavuli, kiatu, Sista, kengele. Shangazi alinisikiliza huku anarusha mawe ya mchele nje.

"Na wewe umefanya nini?"

"Ningefanya nini? Mimi ni mke hapa."

"Mke, nakubali. Na kwetu wewe ni nani?"

"Mtoto wa kaka yako."

"Na watoto wa kaka yangu wana utani na nani?"

Niliacha kuchagua mchele.

"Siku ya harusi yako nilizuia mlango," shangazi akasema. "Nikamwambia baba mkwe wako atoe jogoo, nikufungue utani, uwe mke mtupu. Unajua alinijibu nini? Jogoo wake anawika vizuri, hamtoi. Akapita na wewe hivyo hivyo. Mashahidi wapo, hata huyu mzee niliyekuja naye alikuwepo." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Uchoyo wa jogoo. Ehe, lete mchele mwingine."

Mchana uani kulijaa watu. Walitandika mkeka, wakaweka kigoda cha marehemu, na mbele yake, juu ya kitambaa cheupe, bastola. Baruti ilikuwa bado kwenye pembe yake, imening'inizwa shingoni mwa baba mkwe, ndiyo maana nilithubutu. Padri alikuwa ameshasali misa asubuhi, amekwenda zake; mambo mengine ni bora padri ayasikie kwa mbali.

Shangazi alivaa koti la marehemu, akashika fimbo, akaanza kuchechemea. "Mimi mzee nilipigana mieleka asubuhi nzima! Na nani? Na kambale! Alikuwa na sharubu huyo, mbaya!" Watu wakavunjika mbavu. Kila alipokikaribia kitambaa, vijana wawili aliowaweka baba mkwe walisogea kumzuia. Alisogea kushoto, wakasogea kushoto. Alijifanya anaanguka, wakamdaka. Macho yote yalikuwa kwa shangazi, na ya baba mkwe ndiyo yalikuwa makali kupita yote.

Mimi nilikuwa nagawa togwa. Nani anamtazama mke wa nyumba akigawa togwa? Nilimpa aliyekaa karibu na kigoda, nikainama kuchukua kata, nikainuka na bastola. Nikaisukuma ndani ya mbeleko chini ya matako ya mtoto. Ilikuwa ya baridi. Mtoto alishtuka akanipiga ngumi ya mgongo. Nikaendelea kugawa togwa kwa watu wengine watatu, kwa heshima zote, napiga goti.

Kisha nikasimama katikati ya uwanja nikapiga kigelegele.

"Wafiwa!" nikasema. "Hesabuni vitu vyenu!"

Baba mkwe akatazama kitambaa. Akatazama vijana wake. Akamtazama shangazi, naye shangazi akafungua koti la marehemu lote, akageuka mbele na nyuma, hana kitu. Nikatia mkono mgongoni nikaitoa bastola.

Vijana wake wawili wakanyoosheana vidole.

"Huyu ni mke wetu," baba mkwe akasema, haniambii mimi, anawaambia watu. "Mke haibi kwake."

"Mke haibi," nikasema. "Mtani anakamata." Na nikamtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeishi nyumbani kwake miaka miwili na sikujua kwamba ana kovu chini ya jicho la kushoto.

"Uliolewa!" mume wangu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Wewe nyamaza, mwizi wa viatu," nikamjibu. "Zamu yako inakuja."

Mzee wa watani, aliyekuwa hajasema neno tangu avuke mto, akainua kata yake ya pombe. "Naomba kuuliza. Siku ya harusi, jogoo wa kumfungua utani alitoka?"

Baba mkwe akasafisha koo.

"Alitoka au hakutoka?"

"Alikuwa jogoo mzuri," baba mkwe akasema.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake walijipiga mapaja. Jirani mmoja alimwaga togwa kwenye kanzu yake mwenyewe. Shangazi alikaa kwenye kigoda cha marehemu bila kuambiwa, akaanza kulia machozi ya kicheko ndani ya koti. Niliona mashavu ya baba mkwe yanatetemeka, sikujua kwa hasira au vipi, lakini alikuwa hawezi kukasirika na anajua hawezi.

"Haya, mtani," akasema, ananisemesha mimi mwenyewe bila kupitia kwa mtoto. "Chukua jogoo. Chukua wawili. Lete bastola ilie."

"Jogoo wenu kuleni wenyewe. Kikombozi changu kimo humu humu."

Nikashika masikio ya skrubu kwa vidole viwili. Fundi baiskeli, aliyekuwa amejificha nyuma ya mgomba kwa kuogopa serikali, akaguna kama mtu anayeng'olewa jino. Ilikuwa imekazwa kweli kweli. Nikazungusha mara moja, mbili, mara tano. Jiwe la Sanje likadondoka kiganjani mwangu pamoja na ulimi wa kiatu changu. Jiwe nikalirudisha juu ya kitambaa, na bastola nikaiweka pembeni yake, kwa mikono miwili, taratibu.

"Yenu hiyo," nikasema. "Yangu hii."

"Sasa italiaje?" baba mkwe akauliza, na safari hii hakuwa na utani. Alisimama na ile pembe ya baruti shingoni kama mtoto aliyevalishwa kengele. Niliona kwamba alikuwa ameahidi kweli, na kwamba mzee yule alikuwa baba yake. Niliona. Lakini jua lilikuwa limeshavuka paa la ghala, na kengele ya Sista haingoji.

"Kaa la moto liko jikoni," nikasema. "Jiwe kazi yake ni kuleta cheche tu. Moto hamna haja ya kuutafuta Sanje." Nikaingia ndani.

Skrubu iliingia mahali pake kama mtu anayerudi kitandani kwake. Nikaweka ile sindano iliyobaki. Mtoto nilimlaza chini, nikashika mpini kwa mkono wa kulia, kitambaa kwa mkono wa kushoto, nikaanza. Mabega. Mikono. Kola. Nje niliwasikia wanabishana: kaa liwe kubwa kiasi gani, nani alishike, mdeki ushindilie mara ngapi. Nikamsikia mume wangu anajitolea kushika koleo, akitaka bila shaka kuonekana mwanamume baada ya kuitwa mwizi wa viatu. Nikamsikia baba mkwe anasema kaeni mbali, mtutu utazame mtoni. Nilikuwa kwenye pindo la chini, sehemu ndefu ya mwisho, mshono umenyooka kama reli.

Puuu!

Si mlio wa bunduki ninazozijua. Ulikuwa kama gunia la mpunga lililoanguka kutoka dari, halafu likakohoa. Mtoto alipiga yowe. Mkono wangu uliruka, na mshono ukaondoka nao, ukakata kona, ukapanda juu ya gauni la komunio kiasi cha kidole kizima.

Nje walikuwa wanashangilia, vigelegele, ngoma imeanza. Moshi uliingia dirishani unanuka kiberiti. Nilisema maneno ambayo masista hawakunifundisha. Halafu nikatazama ule mshono uliopinda, na Mungu anisamehe, nikaanza kucheka, nacheka huku nafumua, naapiza huku nacheka, mtoto ananitazama asijue alie au afanyeje.

Mume wangu aliingia. Hakuwa na nyusi. Moto wa baruti ulikuwa umezirudia, na uso wake ulikuwa mtupu kama yai, unanuka kuku aliyebabuliwa.

"Imelia," akasema.

"Nimesikia. Tazama."

Akatazama mshono. Hakusema pole. Aliketi kwenye sakafu upande wa pili wa cherehani, akashika mpini. "Nikizungusha mimi, utapata mikono miwili ya kitambaa," akasema.

"Polepole. Nikisema simama, simama."

Alizungusha. Nilipomaliza kufumua tulishona pindo lile upya, yeye hana nyusi, mimi sina simile, na nje watu wanakula wale majogoo wawili. Sikumwambia asante. Kiatu changu alikuwa hajakilipa, wala hajakilipa hadi leo ninapoandika.

Nilifika misheni jua linagusa miti, magauni matatu yamekunjwa ndani ya shuka safi.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Lete."

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye vidole vya mkulima. La kwanza aliligeuza ndani nje, akavuta mishono, akaliweka kando. La pili hivyo hivyo. La tatu akalipeleka dirishani. Kitambaa cheupe hakifichi kitu: ulikofumua, matundu ya sindano hubaki. Akaweka kidole juu ya yale matundu, akayafuata yalivyopanda kutoka kwenye pindo mpaka yalipoishia.

"Hapa kulitokea nini?"

Nilikuwa nimepanga kusema mtoto alivuta kitambaa. Kila mtu husingizia mtoto. Lakini Sista huyu alikuwa amesema atasahau kwamba nina mtoto, na sikutaka kuwa mimi wa kumkumbusha, tena kwa uongo.

"Hapo ilipigwa bastola, Sista."

Alinitazama juu ya miwani. Nadhani alikuwa anapima kama kosa ni la Kiswahili chake au ni langu. "Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nashona."

"Na baada ya kupigwa?"

"Nilifumua, nikashona tena."

Akarudisha kidole kwenye ule mshono mpya juu ya matundu, akauvuta kwa nguvu kutoka pande zote mbili, kwa nguvu kweli, nikaogopa utapasuka. Haukupasuka.

"Darasa lina wasichana thelathini na cherehani tatu," akasema. "Mbili ni mbovu. Zina vitu vinapungua ndani, sijui vimekwenda wapi. Uje Jumatatu saa moja."

Kengele ikaanza kupigwa juu yetu. Nilipiga goti, nikachukua shuka langu, nikatoka upesi kabla hajaniuliza kama mimi najua vilikokwenda.